Bei ya Mkono na Kurejea Kazini: Historia ya Majeraha ya Mikono, Fidia na Tiba kwa Vitendo katika Bonde la Usangu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mkono wa mtu anayefanya kazi ulivyotazamwa na sheria, tiba na zana katika Bonde la Usangu, hususan Rujewa na maeneo yake ya kilimo cha mpunga, tangu enzi ya ukoloni wa Kiingereza hadi sasa. Hoja kuu ni kwamba sheria ilijifunza mapema kuupa mkono bei, lakini ilichelewa kuuliza mkono huo utarudije kazini. Sheria ilipoanza kuuliza swali hilo, kazi nyingi za mpunga zilikuwa zimekwisha kutoka katika ajira na kuingia mikononi mwa wakulima wadogo na vibarua ambao sheria haiwafikii kwa urahisi. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kuwa pengo hilo ni zao la historia, hivyo linaweza kuzibwa.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo hutumiwa kuhimiza umoja, lakini ndani yake mna elimu ya mwili. Ili chawa avunjwe, gumba lazima likutane na kidole kingine, na kukutana huko ndiko kunakoufanya mkono wa binadamu uweze kushika jembe, kuchomoa mche na kufunga fundo. Mtu aliyepoteza gumba amepoteza kidole kimoja kati ya vitano kwa hesabu ya vidole, lakini kwa hesabu ya kazi amepoteza karibu nusu ya mkono.

Tofauti hiyo kati ya hesabu ya vidole na hesabu ya kazi ndiyo kiini cha makala haya. Mahali panapohusika ni Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, mji uliokaa kwenye uwanda wa Usangu kati ya nyanda za juu za Mbeya na zile za Iringa na Njombe. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni Rujewa, na barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza uwanda huo. Uchumi wa wilaya umejengwa juu ya mpunga, na mpunga ni zao linalodai mikono katika kila hatua: kung'oa miche, kupandikiza, kupalilia, kuvuna, kupura, kukoboa na kubeba magunia.

Maswali yanayoongoza makala ni matatu. Kwanza, sheria za kazi zilimtambua nani kuwa mwenye mkono unaostahili kulindwa na kulipwa? Pili, elimu ya kuurudisha mkono ulioumia ilikua vipi, na iliufikiaje uwanda huu? Tatu, zana za kazi zilibadilika namna gani, na mabadiliko hayo yaliuweka mkono katika hatari gani?

2.0 Mkono Nje ya Mkataba: Jembe, Mundu na Mfereji

Kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika Usangu kilipanuka katika miaka ya 1930 na 1940, ambapo walowezi wa Kibaluchi walichimba mifereji ya kuchepusha maji ya mito inayoteremka kutoka milimani. Wakulima wenyeji waliichukua mbinu hiyo na kuieneza. Zana zilikuwa jembe la mkono, panga na mundu.

Zana hizo zina majeraha yake. Mvunaji wa mpunga hukusanya mashina kwa mkono mmoja na kuyakata kwa mundu ulio katika mkono wa pili. Mundu ukiteleza, unaoumia mara nyingi ni ule mkono unaoshika mashina, hasa vidole vyake. Kwa macho jeraha huonekana dogo: ngozi imekatika kwa urefu wa punje chache za mpunga, damu imezuiwa kwa kitambaa. Hata hivyo, chini ya ngozi hiyo hupita kano zinazokunja kidole na neva zinazokipa hisia, na zote ziko karibu sana na uso wa ngozi. Mtu anaweza kuona jeraha limefunga vizuri, kisha akagundua kuwa kidole hakikunji tena.

Kuna madhara mengine yasiyokuja kwa siku moja. Kupandikiza hufanywa kwa kuinama ndani ya maji saa nyingi, huku gumba na vidole viwili vikirudia mwendo uleule maelfu ya mara, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo imekuwa ya wanawake. Kupura kwa kupiga mafungu ya mpunga kunakitikisa kifundo cha mkono na bega. Maumivu ya namna hiyo yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, kama matope yalivyo sehemu ya jaruba. Dola ya kikoloni haikuwa na chombo cha kuyaandika, kwa kuwa mkulima anayelima shamba lake hakuwa na mwajiri, na sheria ya wakati huo ilimtambua mfanyakazi kupitia mwajiri wake.

3.0 Sheria ya Kuhesabu Vidole

Wazo la kulipa fidia kwa ajali za kazini bila kumlazimisha mfanyakazi kuthibitisha kosa la mwajiri lilianza Ulaya. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 1897. Tanganyika ilipata Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 1948, ambayo baadaye iliingizwa katika vitabu vya sheria kama Sura ya 263. Miaka miwili baadaye, mwaka 1950, ikatungwa Sheria ya Viwanda, iliyofuata nyayo za sheria za Uingereza, zikiwemo zile zinazotaka sehemu hatari za mashine zizungushiwe kinga.

Sheria ya fidia ilikuja na jedwali. Katika majedwali ya aina hiyo mwili hugawanywa vipande, na kila kipande hupewa asilimia ya uwezo wa kazi unaohesabiwa kuwa umepotea. Gumba hupewa asilimia kubwa kuliko kidole cha shahada, na kidole cha mwisho hupewa ndogo kuliko vyote. Jedwali hilo lilikuwa hatua ya haki. Kabla yake, mfanyakazi aliyekatwa vidole alitegemea huruma ya tajiri wake, na baada yake angeweza kudai kwa jina la sheria.

Pamoja na haki hiyo, jedwali lilikuwa na mipaka miwili ambayo historia ya baadaye iliidhihirisha. Mpaka wa kwanza ni kwamba liliupima mkono kwa kilichokatika, na kazi ya mwenye mkono haikuwa na nafasi katika kipimo hicho. Kidole kilichobaki kimekauka kama kijiti kwa sababu kano zake zimeshikana na kovu ni vigumu kukipima kuliko kidole kisichokuwapo. Vivyo hivyo, jedwali lililofungwa kwenye mshahara halikuona kazi zisizo na mshahara. Mwanamke asiyeweza tena kusonga ugali, kukamua nguo au kumfunga mtoto mgongoni alikuwa amepoteza kazi nyingi kwa siku moja, lakini hakuna safu ya jedwali iliyozitaja.

Mpaka wa pili ulikuwa wa fedha. Viwango viliandikwa kwa shilingi kamili, na shilingi haikusimama mahali pamoja. Hadi sheria hiyo ilipobadilishwa, kiwango cha juu cha fidia kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Kufikia miaka ya 2000, fedha ambazo hapo mwanzo zingeweza kumpa mtu mtaji wa maisha mapya zilikuwa zimegeuka nauli na matumizi ya siku chache.

Ni katika kipindi cha sheria hiyo ndipo Usangu ilipopata waajiri wakubwa. Kwa msaada wa China, shamba la Mbarali lilijengwa katika miaka ya 1970 likiwa na takriban hekta 3,200, mifereji yake na kinu chake cha kukobolea, na likawa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO). Shamba la Kapunga lilifuata baadaye chini ya shirika hilohilo. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa uwanda huo walikuwa na kadi ya kazi, msimamizi na ofisi ya kupeleka taarifa ya ajali. Kwa maneno mengine, mwajiri ambaye sheria ilimhitaji alipatikana, lakini fidia ambayo sheria ilimwamuru kulipa ilikuwa inayeyuka kila mwaka.

4.0 Elimu ya Kuurudisha Mkono

Wakati sheria inahesabu vidole, elimu nyingine ilikuwa inakua kwa njia yake. Tiba kwa vitendo ni fani ya afya inayomsaidia mtu aliyeumia au aliyeugua aweze tena kufanya shughuli zake: kula, kuvaa, kulima, kushona, kuandika. Chama cha kwanza cha kuiendeleza fani hiyo nchini Marekani kiliundwa Clifton Springs, jimbo la New York, Machi 1917, na vita viwili vikuu vya dunia viliipa kazi nyingi kwa kuleta askari waliojeruhiwa. Baada ya Vita vya Pili, upasuaji wa mkono ulijitenga na kuwa fani yenye wataalamu wake, na ikadhihirika kuwa upasuaji bila mazoezi yanayofuata ni nusu ya tiba.

Sababu yake inaeleweka kirahisi na mkulima wa skimu. Kano za kukunja vidole hupita katika mifereji myembamba, kama maji yapitavyo katika mfereji. Kano iliyokatika na kushonwa huponea kwa kovu, na kovu hilo likishikamana na kuta za mfereji, kidole hakitembei. Eneo kati ya kiganja na kiungo cha katikati cha kidole lilihesabiwa na wapasuaji wa zamani kuwa eneo la kuogopwa, wakikataa kushona kano hapo mara moja. Katika miaka ya 1960, Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionesha kuwa kano inaweza kushonwa mapema hata hapo, mradi kidole kifungwe gango maalumu na kuanza kusogezwa kwa uangalifu katika siku za mwanzo. Tangu wakati huo mtaalamu wa mazoezi na gango amekuwa mshirika wa lazima wa mpasuaji.

Tiba hiyo ina kalenda. Kano iliyoshonwa huhitaji takriban wiki 12 kabla ya kubebeshwa kazi nzito. Neva iliyokatika huota kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, hivyo jeraha la kwenye kifundo cha mkono huchukua karibu miezi sita kabla ya hisia kuifikia ncha ya kidole. Katika muda huo mkono unaweza kuungua au kukatwa bila mwenyewe kuhisi. Somo hili la mkono usiohisi lilipata nguvu kubwa kutokana na ugonjwa wa ukoma. Paul Brand, mpasuaji aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, alionesha kuwa vidole vingi vya wagonjwa wa ukoma vilipotea kwa majeraha ya kila siku yasiyohisiwa. Sambamba na upasuaji, wagonjwa walifundishwa kuilinda mikono kwa macho na kutumia zana zenye mipini iliyorekebishwa.

Afrika Mashariki ilianza kufundisha wataalamu wake Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa Tanzania, kitovu cha taaluma za utengamao kilikuwa Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo kilianzishwa mwaka 1981 chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, na baadaye mafunzo ya tiba kwa vitendo. Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) kwa sheria ya mwaka 1996. Kanda ya nyanda za juu kusini ilihudumiwa na hospitali ya rufaa ya Mbeya, iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka Rujewa.

Umbali huo una maana kubwa kuliko nauli. Mgonjwa wa mkono haponeshwi kwa safari moja. Gango hurekebishwa uvimbe unaposhuka, mazoezi hubadilishwa wiki hadi wiki, na kosa la siku chache linaweza kuikata kano iliyoshonwa au kuigandisha. Mwenye jeraha la Rujewa anayeambiwa arudi kila wiki kwa miezi mitatu anaambiwa, kwa hakika, aache msimu. Akiumia Januari wakati wa kupandikiza, wiki 12 zinamfikisha karibu na mavuno. Ndiyo maana wengi hurudi jarubani kabla ya wakati, na mkono ambao ungeweza kupona ukabaki na ulemavu ambao haukuamuliwa na mundu peke yake.

5.0 Zana na Mwili

Ergonomia, yaani elimu ya kuilinganisha kazi na mwili wa anayeifanya, ilipewa jina lake na Wojciech Jastrzębowski wa Poland mwaka 1857. Ilipata umbo la taaluma huko Uingereza mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya Tanganyika kupata jedwali la vidole. Msingi wake ni kwamba zana ni uamuzi wa mtu, hivyo inaweza kuamuliwa upya.

Mfano mashuhuri unatoka katika kilimo. Huko California, Marekani, vibarua wa mashambani walilazimishwa kwa miongo mingi kutumia jembe lenye mpini mfupi, lililowakunja mgongo kutwa nzima. Wenye mashamba walidai kuwa mpini mrefu ungeharibu mazao. Mwaka 1975, baada ya madaktari kueleza madhara yake na Mahakama Kuu ya jimbo hilo kutoa uamuzi, matumizi ya jembe hilo yalipigwa marufuku. Kilimo cha California hakikufa. Kilichokuwa kimeitwa ulazima wa kazi kilikuwa mazoea ya mwenye shamba.

Katika Usangu, mabadiliko makubwa ya zana yalikuja kwa kasi baada ya mwaka 2009, wakati kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipoleta pawatila kwa wingi vijijini. Baadaye zikaenea mashine za kuvunia. Kilimo shadidi cha mpunga nacho kilileta upandaji wa mistari na mashine ndogo za kusukuma za palizi. Mashine ya palizi inampa mpaliliaji nafasi ya kusimama wima, na hilo ni faida kwa mgongo. Pawatila, kwa upande wake, hupitisha mtetemo mikononi saa nyingi. Madhara ya mtetemo kwa mishipa ya damu ya vidole yalikwisha kuelezwa na daktari Alice Hamilton mwaka 1918, alipowachunguza wachonga mawe wa Indiana, Marekani.

Hatari iliyo kali zaidi iko kwenye vinu vya kukoboa vinavyolizunguka soko la mpunga. Injini na kinu huunganishwa kwa mkanda unaozunguka juu ya puli. Mahali mkanda unapoingia kwenye puli huvuta kila kinachogusa: shati, kanga, kidole. Kinga ya chuma juu ya mkanda huzuia hilo, lakini kinga inayofunguliwa kwa shida wakati wa kubadilisha mkanda hatimaye huachwa pembeni. Hapa somo la ergonomia ni la kivitendo kabisa: kinga iliyotengenezwa bila kumfikiria fundi anayeifungua mara kwa mara haitadumu mahali pake. Jeraha la mkanda nalo ni tofauti na la mundu. Mundu hukata mahali pamoja, ilhali mkanda huponda, hupinda na kuchuna ngozi, na mkono uliopondwa hauna mstari mmoja wa kushona.

6.0 Sheria Mpya na Mwajiri Aliyetoweka

Mwanzoni mwa karne ya 21 Tanzania ilifanya mageuzi makubwa. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliifuta ile ya viwanda na kuhusisha sehemu nyingine za kazi nje ya kiwanda. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Jambo lenye uzito kwa makala haya ni kwamba, pamoja na fedha, sheria hiyo inataja matibabu na utengamao kuwa haki ya aliyeumia. Kwa mara ya kwanza swali la kurejea kazini liliingia ndani ya sheria yenyewe.

Hata hivyo, wakati sheria inaimarika, kazi ya mpunga ilikuwa imebadilika sura. Mashamba ya NAFCO ya Mbarali na Kapunga yalibinafsishwa katikati ya miaka ya 2000. Sehemu kubwa ya mpunga wa wilaya hutoka katika skimu za wakulima wadogo, kama ile ya Madibira, na katika majaruba yanayokodishwa kwa msimu. Anayepandikiza leo kwa ujira wa eneo alilomaliza, kesho yuko katika jaruba la mtu mwingine. Anayelisha kinu hulipwa kwa gunia. Mmiliki wa pawatila huenda akawa ndiye dereva wake. Ni nani mwajiri wa mkono huo? Nani atapeleka taarifa ya ajali, na kwa mchango upi?

Hapo ndipo penye kinaya cha historia hii. Usangu ilikuwa na mwajiri mkubwa wakati sheria ilikuwa dhaifu, na ikapata sheria yenye nguvu wakati mwajiri amepungua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inafungua mlango wa matibabu kwa wasio katika ajira rasmi. Lakini bima ya matibabu na fidia ya kipato ni vitu viwili. Bima inaweza kulipia mshono, ilhali haijazi ghala la aliyekosa msimu kwa sababu alitii amri ya wiki 12.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ulemavu wa mkono katika Usangu una vyanzo vitatu vilivyoungana: zana iliyojeruhi, umbali wa tiba iliyohitajika, na sheria iliyomtafuta mwenye jeraha mahali asipokuwapo. Kila chanzo kina historia yake, na hakuna kilichokuja kwa kudra.

Kutokana na hayo, njia ya kuziba pengo inaonekana katika historia yenyewe. Mwajiri mmoja mkubwa ametoweka, lakini skimu za umwagiliaji zina vyama vyenye daftari la wanachama, ada na viongozi, na vyama hivyo vinaweza kuwa daraja kati ya kibarua na mfumo wa hifadhi. Vinu viko mahali pamoja na vinajulikana, hivyo ukaguzi wa kinga za mikanda hauhitaji safari ndefu za porini. Hospitali ya wilaya Rujewa ikiwa na mtaalamu hata mmoja wa tiba kwa vitendo, safari za kila wiki hadi Mbeya zitapungua, na mkulima ataweza kutunza gango lake bila kuliacha shamba lake kabisa.

Jedwali la mwaka 1948 lilitoa jibu kwa swali la thamani ya kidole, na kwa wakati wake jibu hilo lilikuwa na heshima yake. Swali lililobaki kwa kizazi hiki ni kubwa zaidi: mama aliyekatwa na mundu Mei, je, Desemba ataweza kuushika mche?